Jim Corbett: Mwindaji aliyejihadhari na risasi ya mbali

KATIKA uwanja wa makaburi wa Kanisa la Mtakatifu Petro mjini Nyeri, wageni wengi hufika kulizuru kaburi la Lord Baden-Powell, mwasisi wa chama cha skauti duniani. Ni wachache wanaotambua kwamba katika uwanja uo huo amelala mtu mwingine ambaye jina lake limepewa mbuga mashuhuri ya wanyama nchini India.

Mtu huyo ni Edward James Corbett, maarufu kama Jim Corbett, aliyefariki Nyeri mnamo Aprili 19, 1955, akiwa na umri wa miaka 79. Kwa zaidi ya miaka 30, wanavijiji wa milima ya Kumaon na Garhwal, kaskazini mwa India, walimwita kila mara simbamarara au chui alipozoea kula watu. Simbamarara, kwa asiyemfahamu, ni yule paka mkubwa mwenye milia ambaye hapatikani katika pori lolote la Afrika.

Sifa za Corbett zimesimuliwa sana kwa idadi ya wanyama aliowaua. Hata hivyo, kilichomtofautisha na wawindaji wengi wa zama zake hakikuwa idadi, bali umbali aliokubali kufyatulia risasi. Wakati ambapo mabwana wengi wa Kizungu walijivunia shabaha za mbali, yeye alijongea karibu, mara nyingine karibu mno, kwa sababu alikwisha kuona gharama ya risasi iliyojeruhi bila kuua. Gharama hiyo haikulipwa na mwindaji. Ililipwa na mwanamke aliyekwenda kukata nyasi za ng'ombe wake, au na mtoto aliyetumwa kuteka maji.

Bunduki ya mtutu mmoja mzima

Corbett alizaliwa Julai 25, 1875, katika mji wa mlimani wa Nainital, ambako baba yake alikuwa mkuu wa posta. Baba alifariki mwaka 1881, Jim akiwa hajatimiza miaka sita, na mjane akabaki na familia kubwa ya kulea kwa kipato kidogo. Majira ya baridi familia ilihamia Kaladhungi, chini ya milima, ambako msitu ulianzia mlangoni pa nyumba.

Humo ndimo kijana huyo alimosomea. Kwanza alitumia manati, kisha upinde. Alipokuwa na umri wa miaka minane hivi, mtu mmoja aliyekuwa akiandika kitabu kuhusu ndege wa Kumaon alimpa gobori la mitutu miwili ili amkusanyie ndege. Gobori hilo lilikuwa kuukuu na mtutu wake wa kulia ulikuwa umepasuka. Kwa hiyo mvulana aliingia msituni akiwa na risasi moja tu, na baada ya kuifyatua alilazimika kusimama na kushindilia baruti upya mbele ya chochote kilichokuwako.

Umaskini huo ulikuwa mwalimu mkali. Mtoto wa tajiri mwenye mkoba uliojaa risasi angeweza kujaribu bahati yake, na akikosa angejaribu tena. Jim hakuwa na nafasi hiyo. Alijifunza kusoma nyayo mchangani, kuelewa kilio cha tumbili na cha paa wanapomwona adui, na kutembea bila kuvunja kijiti. Alipopewa baadaye bunduki ya kijeshi aina ya Martini, akiwa na umri wa miaka kumi hivi, aliua chui wake wa kwanza.

Alipofikia utu uzima aliajiriwa na kampuni ya reli, na kwa zaidi ya miaka 20 alifanya kazi ngumu ya kusimamia mafuta ya garimoshi na uhamishaji wa shehena kando ya mto Ganges, katika kituo cha Mokameh Ghat. Uwindaji wa wanyama wala watu haukuwa ajira yake. Aliufanya wakati wa likizo.

Hesabu ya umbali

Ili kuelewa tahadhari ya Corbett, inafaa kuzingatia hesabu ndogo. Mtutu wa bunduki ukikengeuka kwa sehemu moja tu ya kumi ya nyuzi, kosa ambalo pumzi ya mwindaji inatosha kulisababisha, risasi itapotoka kwa chini ya sentimita mbili ikiwa mnyama yuko mita kumi. Katika mita 100 kosa lilo hilo linakuwa sentimita 17. Katika mita 270 linakaribia nusu mita. Sehemu ya mwili wa simbamarara ambamo risasi huua papo hapo, yaani moyo, mapafu na uti wa mgongo wa mbele, si kubwa kupita sinia. Nusu mita ni tofauti kati ya moyo na tumbo, au kati ya bega na taya.

Mnyama akiwa mbioni, hesabu inazidi kuwa mbaya. Risasi ikichukua nusu sekunde kufika, mnyama anayekimbia kilomita 50 kwa saa huwa amesogea karibu mita saba. Tena bunduki za mwanzoni mwa karne ya 20 zililengwa kwa jicho tupu juu ya kipande cha chuma, bila darubini, mara nyingi machweo au alfajiri, katika kivuli cha miti.

Ni kweli kwamba wapo waliopiga mbali na kuua. Lakini swala akijeruhiwa huenda akafia kichakani bila kumdhuru mtu. Simbamarara au chui akijeruhiwa, habari huwa nyingine.

Champawat, 1907

Mwaka 1907 Corbett aliombwa amsake simbamarara jike wa Champawat. Mnyama huyo alikuwa ameua watu 200 nchini Nepal kabla ya kufukuzwa na kuvuka mpaka. Akiwa Kumaon aliongeza wengine 236 katika miaka minne. Jumla ilikuwa watu 436. Vijiji vilikuwa vimefunga milango, na mavuno yalikuwa yakiharibikia mashambani.

Corbett alitoa masharti mawili kabla ya kukubali. La kwanza, zawadi ya fedha iliyotangazwa na serikali ifutwe. La pili, wawindaji wengine wote waondolewe. Hakutaka kuhesabiwa miongoni mwa wanaowinda kwa malipo, wala hakutaka kupigwa risasi kwa bahati mbaya na mtu mwenye pupa aliyejificha kichakani.

Baada ya msichana mmoja kuuawa, Corbett alifuata alama za damu hadi kwenye korongo ambamo mnyama alikuwa amejificha. Siku iliyofuata wanavijiji wapatao 300 walipangwa juu ya ukingo wa mlima, wakiwa na magobori, ngoma na makopo, ili wamtoe mnyama humo kwa kelele. Corbett alikaa upande wa pili pamoja na ofisa wa utawala wa eneo hilo aliyekuwa na bunduki ya marisau. Mfukoni Corbett alikuwa na risasi tatu tu. Aliamini kwamba hangepata nafasi ya kupiga zaidi ya mara mbili, na ya tatu ilikuwa akiba ya dharura.

Simbamarara alitokeza umbali wa kama yadi 300, akiteremka mbio penye nyasi. Yule ofisa alifyatua mitutu yote miwili akakosa, na mnyama akageuka kurudi alikotoka. Kwa kukata tamaa Corbett naye akamtupia risasi moja. Ikapotea.

Watu walioko juu ya mlima waliposikia milio hiyo walidhani kazi imekwisha, wakapiga magobori yao yote kwa shangwe. Kelele hizo zilimgeuza mnyama tena, akashuka moja kwa moja kuelekea alipokaa Corbett. Safari hii alikuwa karibu, umbali usiofika yadi 30 alipopigwa mara ya pili. Risasi zote mbili zilimpata. Lakini hakuanguka. Alisimama akiwa amelaza masikio na kutoa meno, ilhali bunduki ya Corbett ilikuwa tupu. Ile risasi ya akiba ilikuwa imekwenda na upepo, yadi 300 mlimani.

Kwa bahati, mnyama alisita na kuvuka kijito kwenda kwenye mwamba. Corbett alikimbia, akaipokonya bunduki ya ofisa, akarudi na kumkaribia mnyama hadi futi 20, yaani mita sita. Hapo ndipo alipogundua kwamba bunduki hiyo ilikuwa na mwanya mahali mtutu ulipokutana na kitako chake, kiasi cha kutishia kumlipukia usoni. Alifyatua hivyo hivyo. Risasi haikulenga vizuri, ikampata mnyama kwenye kiganja, lakini majeraha ya awali yalikuwa yamekwisha kufanya kazi yake.

Baadaye Sir John Hewett, aliyekuwa mtawala wa mikoa hiyo, alimtunuku bunduki aina ya Rigby .275. Bunduki hiyo nyepesi ilimfaa kwa miaka mingi. Ila somo la siku ile lilikuwa kubwa kuliko zawadi: risasi iliyofyatuliwa kwa matumaini tu humwacha mwindaji mikono mitupu wakati wa haja.

Chanzo cha maafa

Mzoga wa simbamarara wa Champawat ulipochunguzwa, ulionyesha jambo lililomgusa Corbett kuliko ushindi wenyewe. Chonge zake za upande wa kulia, ya juu na ya chini, zilikuwa zimevunjika, ile ya chini hadi kwenye mfupa. Lilikuwa jeraha la risasi la zamani. Mtu fulani, mahali fulani, alikuwa amempiga mnyama huyo na kumwacha aende zake. Bila chonge hakuweza kuwakamata kulungu na nguruwe mwitu, akageukia windo lisilo na pembe wala mbio. Vifo 436 vilianzia kwenye risasi moja iliyokosea.

Si kila mla watu alitokana na bunduki. Simbamarara jike wa Muktesar alikuwa amepigana na nungu, akapoteza jicho moja na kubaki na miiba tele iliyomtunga usaha mguuni. Wengine walidhoofishwa na uzee. Lakini alama za risasi zilijitokeza tena na tena. Simbamarara wa Thak, ambaye Corbett alimuua Novemba 1938, alikuwa na majeraha mawili ya zamani ya risasi, moja likiwa limeoza begani.

Mfano mwingine ni ule wa Rudraprayag, katika eneo la Garhwal. Chui wa huko aliua watu 125 kati ya mwaka 1918 na 1926 kandokando ya njia wanayopita mahujaji wa Kihindu kwenda Kedarnath na Badrinath. Mapema katika kipindi hicho, maofisa wawili vijana walikesha kwa wiki nyingi juu ya minara ya daraja linaloning'inia, kila mmoja upande wake wa mto. Usiku mmoja chui aliingia darajani. Walimfyatulia, naye akatoroka akiacha matone ya damu. Alichopoteza kilikuwa kidole kimoja cha mguu wa nyuma. Baada ya hapo aliendelea kuua kwa miaka mingi, na hakuna aliyefaulu tena kumpata kwa urahisi, kwani mnyama aliyekoswa hujifunza.

Kwa Corbett, basi, umbali haukuwa suala la ufundi wa shabaha peke yake. Ulikuwa deni. Anayefyatua risasi anawawekea dhamana watu wasiojua hata kama yuko msituni.

Kosa la Chowgarh

Corbett mwenyewe hakuwa malaika, wala hakujificha. Katika kisa cha Chowgarh, simbamarara jike aliyezeeka na mwanawe aliyekaribia kukomaa walihesabiwa kuua watu 64. Mwaka 1929 Corbett aliwaona wote wawili pamoja. Alilazimika kuamua upesi yupi ni mama, akachagua mmoja na kumuua kwa shabaha safi. Alipokwenda kumtazama, alikuta ni mtoto. Mama alikuwa ametoroka, na katika miezi iliyofuata watu wengine zaidi ya kumi walipoteza maisha.

Kosa hilo lilimwonyesha upande mwingine wa umbali. Haitoshi mwindaji kuweza kumpiga mnyama. Sharti awe karibu kiasi cha kumtambua bila shaka yoyote.

Alimfuatilia yule mama hadi Aprili 1930. Siku hiyo alikuwa akiteremka korongo lenye mawe, mkono wa kushoto ukiwa na mayai mawili ya ndege wa usiku aliyoyaokota njiani, kwani alikuwa mkusanyaji wa mayai. Alipolipita jabali moja kubwa alitazama nyuma, akakutana macho kwa macho na simbamarara aliyejilaza mchangani, futi nane kutoka alipo. Hizo ni mita mbili na nusu. Harakati yoyote ya ghafla ingemfanya mnyama aruke.

Akiishika bunduki kwa mkono wa kulia peke yake, Corbett aliuzungusha mtutu polepole, kidogo kidogo, mpaka ukaelekea mwilini mwa mnyama ambaye hakuacha kumtazama. Risasi ilimpita uti wa mgongo na moyo. Mayai hayakuvunjika, na Corbett aliyarudisha kiotani.

Wengi wamekisimulia kisa hiki kama muujiza wa ujasiri. Hata hivyo, Corbett alipenda kuyahusisha mafanikio ya namna hiyo na bahati pamoja na mambo madogo madogo. Mathalani, laiti asingekuwa na mayai mkononi, huenda angeinua bunduki kwa mikono miwili kwa pupa, na asingesalimika.

Mwanga wa tochi

Kule Rudraprayag nako, mwisho ulikuja kwa subira. Corbett alijaribu mitego, sumu na mikesha ya miezi kadhaa, bila mafanikio. Mei 1926 alikuwa amekaa siku kadhaa mfululizo kwenye dungu juu ya mwembe kando ya njia ya mahujaji. Mbuzi mwenye kengele shingoni alifungwa chini kama chambo.

Usiku wa mwisho kengele ililia kwa ghafla. Corbett aliwasha tochi iliyofungwa kwenye bunduki, na kwa bahati mtutu ulikuwa tayari umeelekea begani mwa chui. Alifyatua. Papo hapo tochi ikazimika, akabaki gizani hadi mwezi ulipochomoza, bila kujua kama amefaulu. Kulipokucha alimkuta chui amekufa si mbali na hapo. Mbuzi alikuwa hai.

Corbett alipofika kwenye maiti ya adui huyo hakuona shetani aliyesimuliwa vijijini. Aliona chui mzee, mwenye mvi mdomoni, ambaye hatia yake ilikuwa kuvunja sheria za binadamu, si za maumbile.

Kutoka bunduki hadi kamera

Kufikia wakati huo moyo wake ulikuwa umeanza kugeuka. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alipata kamera ya sinema, akaanza kuwapiga picha simbamarara badala ya kuwaua. Kazi hiyo ilimdai ukaribu ule ule. Alizuia maji ya kijito ili mlio wake uufunike mngurumo wa kamera, akakaa kimya hadi wanyama wakaja futi chache mbele yake. Alisema na kuandika kwamba kupiga picha ni kugumu kuliko kupiga risasi, na kwamba faida yake si ya mtu mmoja bali ya wote.

Alihimiza pia kutengwa kwa hifadhi katika msitu aliokulia. Mwaka 1936 ilianzishwa Mbuga ya Hailey, ya kwanza ya kitaifa nchini India. Baada ya kifo chake, mwaka 1957, ilipewa jina lake. Mwaka 1973 serikali ya India ilizindua humo mradi wake mkuu wa kuwalinda simbamarara. Hesabu ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba nchi hiyo ina zaidi ya simbamarara 3,000.

Ni haki pia kukumbuka kwamba Corbett alikuwa mtu wa himaya ya Waingereza. Aliongoza Wakumaoni 500 kwenda Ufaransa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na katika vita vya pili aliwafunza wanajeshi mbinu za kuishi msituni. India ilipojinyakulia uhuru mwaka 1947 hakuona nafasi yake katika nchi hiyo mpya, akahamia Kenya pamoja na dada yake, Maggie.

Walipanga katika nyumba ndogo ya Paxtu, ndani ya bustani ya hoteli ya Outspan mjini Nyeri, iliyojengewa Baden-Powell hapo awali. Corbett aliendelea kuandika vitabu vyake na kupiga picha wanyama wa Aberdare. Mwezi Februari 1952 alikuwa miongoni mwa walioandamana na Binti Mfalme Elizabeth katika hoteli ya mtini ya Treetops, usiku ule ambapo mfalme George wa Sita alifariki na binti huyo kuwa malkia. Hoteli yenyewe iliteketezwa mwaka 1954 wakati wa vita vya Mau Mau, ikajengwa upya baadaye.

Corbett hakuishi kuiona Kenya huru, wala marufuku ya uwindaji iliyotolewa na serikali ya Kenya mwaka 1977. Yaliyobaki ya maisha yake yamo vitabuni, mbugani India na katika kaburi lake la Nyeri.

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Corbett alikwenda pole, akajikwaa mara chache, na kila alipojikwaa alijua ni nani aliyeumia. Kutoka kwa msichana wa Champawat hadi mahujaji wa Rudraprayag, walioyalipia makosa ya bunduki walikuwa watu wasiomiliki bunduki. Ndiyo sababu mtu aliyekuwa na uwezo wa kupiga mbali alichagua, kila alipoweza, kusogea karibu.